Matrekta Saba na Ndoo ya Bolti

Nina matrekta saba ya bustani, na bustani sina. Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Mount Dennis, jijini Toronto, kuna kipande cha nyasi ambacho mtu mzima akilala chali, miguu yake inagusa uzio wa jirani. Nakikata kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, dakika kumi, kazi imekwisha. Matrekta yenyewe yanakaa gerejini, mengine yamepandishwa juu ya mbao kwa sababu nafasi haitoshi, na gari langu linalala nje kwenye theluji.

Kwa asiyeyajua, haya si matrekta ya kulimia mashamba ya mpunga. Ni vijitrekta vya zamani, urefu wake unaishia kiunoni, injini ya silinda moja, kiti cha bati, vilivyotengenezwa enzi ambazo watu wa huku walikuwa na viwanja vikubwa vya nyasi na subira ya kuvikata kila Jumamosi. Siku hizi vimesahaulika kwenye mabanda ya vijijini, kaskazini mwa jiji, na panya wamezaliana ndani ya injini. Mimi nanunua, nabomoa mpaka skrubu ya mwisho, nasugua kutu kwa msasa, napaka rangi, naunganisha upya mpaka mashine ingurume. Kisha siitumii. Kaka yangu kule Njombe aliposikia nina matrekta aliniuliza nalima ekari ngapi. Nilipomweleza, akaniuliza kama huku ninakula vizuri.

Kazi yangu ya mshahara ni ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mikate, Etobicoke. Pale mashine ikisimama, mabosi watatu wanakusimamia kichwani, kila mmoja na saa yake. Gerejini hakuna anayenisimamia, na nadhani hicho ndicho nilichokipenda tangu mwanzo.

Mke wangu aliyaita wake wenza. Jumamosi asubuhi akinimiminia chai aliniuliza mke mwenzake mwekundu ameamkaje, na kama kile kikohozi kimepoa. Alilalamika kuhusu harufu ya petroli kwenye mashati, alilalamika kuhusu kucha zangu, na siku alipokuta kabureta kwenye sinki lake la vyombo tulinuniana hadi Jumatatu. Lakini makopo alinitunzia yeye.

Maana ukibomoa mashine ya zamani, siri yote ni kutochanganya. Bolti za giaboksi zinafanana kwa macho, ila hii imeizidi ile urefu kwa unene wa ukucha, na ukiifunga mahali si pake inapasua nyumba ya gia. Nyumba ya gia ya mashine ya miaka hiyo huipati dukani. Kwa hiyo kila sehemu ina kopo lake, na juu ya mfuniko nabandika utepe na kuandika: usukani, breki, gia kushoto, gia kulia. Makopo mazuri kuliko yote ni yale makubwa ya aiskrimu. Mke wangu aliinunua, akaila msimu mzima wa baridi akiwa amejifunika blanketi, akaosha kopo, akalikausha, akaniwekea kwenye ngazi ya gereji. Miaka yote nilidhani anaipenda aiskrimu. Binti yetu ndiye aliyeniambia baadaye kwamba ilikuwa ikimuumiza meno.

Mwezi wake wa mwisho hospitalini nilibomoa giaboksi ya trekta jekundu. Nilikuwa nikitoka kumtazama, nafika nyumbani, mikono haijui ikae wapi. Kufikia siku alipofariki, meza ya gereji ilikuwa na makopo ishirini na sita yenye vyuma, yamepangwa kwa safu, na chini yake yapo mengine matupu. Nyumba nzima ilikuwa imenishinda, lakini pale mezani nilijua kila kitu kiko wapi.

Msiba ulijaa watu. Watanzania wenzetu walikuja kutoka Etobicoke na Parkdale, na familia za Kikongo na Kirundi tunazosali nazo zikaja na viti vyao. Kinamama wakashika jiko kama ilivyo ada. Aliyewaongoza alikuwa rafiki wa mke wangu tangu wiki zake za kwanza Toronto. Walifanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunza wazee, na koti la kwanza la baridi alilovaa mke wangu lilitoka kabatini kwa huyo mama. Ananiita shemeji, nami namwita dada. Siku tatu alipika, aliosha, alipanga nani alale wapi, na sijui yeye mwenyewe alilala saa ngapi. Makaburini watu walinisifu kwamba nimejikaza kiume.

Tuliporudi kutoka kuzika, watu walikula. Wengine walikuwa na zamu za jioni, na kwetu mtu hatoki msibani hivihivi bila kufungiwa chakula. Mimi nilishindwa na kelele, nikatoka kwenda gerejini nipumue kidogo. Nikakuta meza tupu. Chini yake ndoo ya kupigia deki imejaa: bolti, nati, washa, springi, pini, makopo yote ishirini na sita yamemwagwa humo pamoja, na maji machafu kidogo kwenye kitako cha ndoo.

Nilirudi jikoni. Makopo yangu yalikuwa yamepangwa kwenye kaunta, yameoshwa, yanajazwa pilau. Mfuniko mmoja bado ulikuwa na utepe wenye mwandiko wangu, gia kulia, na mama mmoja wa watu alikuwa akiukandamiza vizuri ili mchuzi usimwagike kwenye basi.

Sitarudia yote niliyosema. Niliwaita wezi. Niliwaambia hawana akili, hawana heshima na vitu vya watu, wamekuja kula na sasa wanabeba. Mchungaji alinishika mkono, nikauondoa. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye ngazi, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, baba acha. Nikamgeukia yule dada, mwiko ukiwa bado mkononi mwake.

"Tokeni nyumbani kwangu," nikasema. "Wote."

Aliweka mwiko juu ya sufuria. Akafungua kanga kiunoni, akaikunja mara mbili, akavaa koti lake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na baada ya nusu saa hata wanaume waliokuwa sebuleni walikuwa wamepata udhuru. Kwetu mfiwa haachwi mpaka matanga yaanuliwe. Mimi yangu niliyaanua mwenyewe siku ileile ya mazishi, tena kwa matusi. Pilau lililobaki nililila siku sita.

Hasira hasara, tulifundishwa tangu shule ya msingi. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nina mjukuu, na nilikuwa bado sijalishika somo.

Binti alirudi kwake Calgary. Ananipigia Jumapili, mimi naongea Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na kila mara anamalizia kwa kunishauri nimpigie auntie, ndivyo anavyomwita yule dada. Nilikuwa namwambia nitampigia. Kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania hakuna aliyenitoa. Niliona harusi zao, watoto wao wakimaliza shule, misiba yao mingine, nikasoma kila kitu na sikujibu hata kimoja. Kanisani nilianza kufika wakati wimbo wa kwanza umekwisha anza na kutoka kabla ya baraka. Kisha nikaacha kwenda.

Matrekta yaliongezeka wakati huo. Kabla ya msiba nilikuwa na matatu. Haya mengine manne, nikisema kweli, nilinunua maongezi. Naona tangazo, naendesha gari saa moja na nusu hadi shambani kwa mzee fulani wa Kizungu, ananipa kahawa, anaanza kunieleza baba yake aliipata wapi ile mashine na siku ilipomtumbukia mtaroni. Hanijui, hajui niliwafanyia nini watu wangu. Tunakaa hata saa mbili. Kisha inabidi nimlipe na kuondoka, na njia nzima ya kurudi trekta linanifuata kwenye tela, halina la kusema.

Mara moja tulikutana na yule dada kwenye duka la vyakula vya kwetu, kwenye rafu ya unga wa ugali. Nilifikiri atanipita. Alisimama, akanisalimia, za siku nyingi shemeji, nikasema nzuri, akasema haya, akaenda zake kulipa. Alikuwa haniangalii usoni. Niliona ananichukia kiasi cha kutotaka hata kunitazama, na nikaona ana haki. Nilibaki pale nimeshika mfuko wa unga mpaka kijana wa duka akaniuliza kama nahitaji msaada.

Ile ndoo niliikabili majira ya baridi ya pili. Nilimwaga kila kitu kwenye magazeti na kuanza upya: kupima urefu, kuhesabu meno ya nati, kujaribu, kufungua, kujaribu tena. Ilinichukua tangu mwezi wa kumi na moja mpaka baada ya theluji kuyeyuka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba giaboksi ikirudi, kuna kitu kitakuwa kimetengemaa, sikujua kitu gani. Jumamosi moja ya mwezi wa tano nilikaza bolti ya mwisho na kwenye magazeti hakikubaki kitu. Nikatia petroli, nikavuta kamba mara tatu. Likawaka. Nikaingiza gia, likasogea mbele, nikaingiza ya nyuma, likarudi.

Niligeuka kuelekea mlango wa jikoni, mdomo umeshafunguka, nimwite mke wangu aje asikie.

Nilizima injini. Nikakaa kwenye kile kiti cha bati muda mrefu, na nikafikiri ni nani mwingine katika jiji hili zima ningeweza kumwambia kwamba trekta jekundu limewaka. Hapakuwa na mtu. Upweke nilikuwa nao siku zote hizo, ila nilikuwa nimeupa kazi ya kufanya, na sasa kazi ilikuwa imekwisha.

Nikanawa mikono kwa sabuni ya vyombo hadi kwenye viwiko. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilipitia dukani nikanunua machungwa, kisha nikapanda basi kwenda Etobicoke. Gari ningeweza kuendesha, lakini niliogopa nikiwa kwenye usukani nitageuza njiani. Kwenye basi nilijipangia maneno. Kwenye lango la jengo lao nilibonyeza namba ya nyumba yake, nikasema hodi kwenye kile kidude cha ukutani, nikajitaja. Mlango ukafunguka wenyewe.

Ghorofa ya kumi na moja alikuwa amesimama mlangoni amevaa sare ya kazini, mkoba begani. Zamu yake ilianza saa tisa. Akasema karibu. Nikavua viatu, nikaingia, nikamkabidhi machungwa, na ile hotuba yangu yote ya kwenye basi ikapotea.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Niliwafukuza watu waliokuja kunizikia mke, kwa sababu ya bolti."

Alinionyesha kochi, nikakaa. Yeye alibaki amesimama. Nilisubiri anieleze nilivyomvunjia heshima mbele za watu, na nilitaka aseme.

"Shemeji, yale makopo alinionyesha yeye," akasema.

Wiki ile ya mwisho hospitalini, akaniambia, mke wangu alikuwa amempa maelekezo yote. Sufuria kubwa liko wapi, avikwe kanga ipi, nani katika kinamama asiachiwe kushika chumvi. Na chakula kikizidi, makopo ya kufungia watu yako gerejini. Siku yenyewe matupu yaliisha, ndipo yeye akamwaga yale yenye vyuma ndani ya ndoo. Hilo lilikuwa lake mwenyewe, hakuagizwa na mtu. Aliona chuma ni chuma.

"Nilimwuliza, na mwenye gereji je? Akacheka. Akasema atagomba sana. Mwacheni agombe, akichoka atalia. Ila msimwondokee." Alikuwa akitazama machungwa mkononi mwake. "Mimi nikaondoka. Aliniachia neno moja la kumfanyia, nami nikalipiga teke kwa sababu nimeitwa mwizi. Hata pale dukani nilishindwa kukuangalia."

Nilitaka kumjibu kwamba si kosa lake. Nilitaka kumwambia kwamba leo asubuhi trekta limewaka, na gia zote zinaingia. Nilianza, nikafika kwenye neno trekta, sauti ikakatika, na kilichofuata kilikuwa kilio. Nililia kwa nguvu, mchana kweupe, kwenye kochi la watu, nikiwa na soksi zenye madoa ya oili, na nilipojaribu kujizuia kikazidi.

Dada alishusha mkoba begani. Akatoa simu, akapiga kazini kwao akiwa amesimama karibu yangu, na kwa Kiingereza akawaambia leo hatafika, amefiwa.