Filamu Iliyomsahau Punda

Shangazi yangu ana kazi mbili, na zote ni za mdomo. Jumatatu hadi Ijumaa anakaa nyuma ya dirisha dogo la kliniki na kuwaita wagonjwa kwa majina. Sauti yake inaweza kumwamsha aliyesinzia kwenye benchi la mwisho bila kumshtua, na akilitaja jina lako, hata kama umekuja na jino bovu, unajisikia kama umeitwa kupokea zawadi. Jumamosi mchana anakaa kwenye stuli ndefu, kushoto kwa pazia jeupe, katika ukumbi wa video ulio nyuma ya gereji, na kuwatafsiria watu filamu papo hapo. Mtu wa kwenye pazia akinong'ona, naye ananong'ona. Akilia, sauti ya shangazi inalowa. Watu walianza kumwita Redio kabla mimi sijazaliwa.

Niliwahi kumwuliza kwa nini hatii vichekesho vyake, maana watafsiri wengine wanatia, hata jambazi mwenye bastola mbili wanamfanya amwogope mama mkwe wake. Alinijibu kwamba filamu ni barua ya mtu mwingine, na anayewasomea watu barua hana ruhusa ya kuongeza salamu zake.

"Kisichokuwepo kwenye picha sikisemi," alisema.

Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza. Ya pili ni kwamba hapandi kwenye stuli mpaka filamu awe ameitazama mara mbili, na daftari lake limejaa nani ni nani na nani atamsaliti nani.

Sasa, mwenye ukumbi tunamwita Kufuli, kwa sababu hutembea na bonge la kufuli mkononi kama wenzake wanavyotembea na simu. Si mtu mbaya. Ila mwezi uliopita alipata flashi yenye filamu ambazo zimeshatiwa sauti ya Kiswahili huko studio, akaanza kuisifu. Flashi haikohoi, alisema. Flashi haipatwi na mafua wala haiombi maji katikati ya mapigano. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyowasikiliza wagonjwa wanaodai walifika wa kwanza, kisha akaomba Jumamosi moja tu. Wakakubaliana: itakuwa siku ya filamu ya Mbeba Taa. Watu wakikaa mpaka mwisho, stuli ni yake. Wakiondoka katikati, Kufuli atachomeka flashi hapo hapo, na stuli itaenda stoo.

Filamu hiyo ilikuwa inasubiriwa na mtaa mzima, kwa sababu Mbeba Taa ni gemu kabla ya kuwa filamu. Mlango wa pili kutoka ukumbini kuna chumba cha gemu chenye televisheni nne, na kwa miaka miwili televisheni tatu kati ya hizo hazijacheza kitu kingine. Ni hadithi ya mtu anayebeba moto kutoka mlimani kuupeleka kwenye mji ulioingia giza. Hasemi neno, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wenzake ni taa moja na punda mmoja anayebeba mafuta, na huyo punda ana tabia zake: usipompapasa shingoni kabla ya mlima, anasimama, na dunia nzima inasimama naye.

Tatizo likawa moja. Filamu ingefika Jumamosi ile ile saa sita mchana, saa mbili kabla ya onyesho, ikiwa kwenye diski ambayo Kufuli haruhusu iguswe mapema. Ile habari ya kuitazama mara mbili ikafa. Shangazi alikosa usingizi. Ndipo mimi, mwenye akili nyingi, nikampa ushauri: filamu imetoka kwenye gemu, kwa hiyo ukilijua gemu umeshaijua filamu. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuona filamu ya gemu hata moja.

Basi kwa wiki tatu, kila akitoka kliniki, shangazi alikuja chumba cha gemu na sare yake, nikamfundisha. Alishika pedi ya kuchezea kama anashika sufuria ya moto. Mbeba Taa akikata kona kushoto, shangazi naye analala kushoto mpaka namshika asianguke. Kuna kisima kule sura ya tatu. Alitumbukia mara thelathini na nane, na kila mara alimwomba radhi yule mtu kwa kumlowesha. Nyuma yetu alisimama fundi baiskeli, ambaye amelimaliza gemu hilo mara sita na bado ana mikono yenye grisi, akimwelekeza kwa spana. Punda alimpenda shangazi, au tuseme shangazi alimpenda punda, maana alimpapasa hata njia ikiwa tambarare. Fundi akamwambia anapoteza muda. Shangazi akajibu kwamba mnyama hashikwi shingo kwa sababu ya mlima tu.

Daftari likajaa. Nilijisikia kama mwalimu mkuu.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Benchi la watu watano lilikaa watu tisa. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kuonyeshea, Kufuli mlangoni, flashi ikichungulia kutoka mfuko wa shati lake. Filamu ikaanza vizuri: mlima, moshi, moto, sauti ya shangazi inapanda polepole kama vile naye ana mzigo mgongoni. Tukafika darajani, kwa bibi mlinzi wa daraja. Kwenye gemu bibi huyu anakupa taa na kufa pale pale. Shangazi akajiamini.

"Mtazameni vizuri bibi huyu," akasema kwenye kipaza sauti, "maana hatutamwona tena."

Robo saa baadaye bibi akatokea juu ya farasi, mzima wa afya, na askari mia nyuma yake. Kumbe kwenye filamu ndiye adui mkuu.

"Redio," fundi baiskeli aliita kutoka benchi la nyuma, "marehemu amerudi na jeshi."

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Shangazi akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Hapo Mbeba Taa, mtu tuliyemjua miaka miwili bila kumsikia akikohoa, akafungua mdomo na hakuufunga tena. Alieleza utoto wake. Alieleza njaa yake. Na pembeni yake, palipotakiwa kuwa na masikio mawili marefu, palikuwa na kijana mmoja mwenye mzaha, amebeba mafuta kwenye begi. Punda hakuwepo. Huwa tunasema asante ya punda ni mateke. Safari hii punda ndiye aliyepigwa teke.

Manung'uniko yakaanza mbele yakarudi nyuma. Shangazi alikuwa bado anatafsiri, ila sauti imepungua, kama mtu anayesoma jina la mgonjwa asiyejibu. Vijana watatu wa benchi la kwanza wakasimama. Kufuli akaitoa flashi mfukoni. Mimi nilitamani benchi linimeze, kwa kuwa ushauri ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyekalia stuli.

Akanigeukia na kuinua kiganja: simamisha. Miaka yote hiyo hakuwahi kusimamisha filamu. Nikabonyeza. Bibi akaganda juu ya farasi, mdomo wazi.

"Jamani," shangazi akasema. "Kila Jumamosi nakuja hapa filamu nimeshaiona mara mbili. Hii sijaiona hata mara moja. Nimecheza gemu, nikadhani njia ni ile ile. Bibi wa watu nikamzika mapema. Naomba radhi kwake na kwenu. Leo na mimi nimekuja kutazama tu, kama nyinyi. Tuendelee?"

Watu wakatazamana.

"Endelea, dada," fundi baiskeli akasema. "Lakini punda yuko wapi?"

"Sijui, fundi. Tumtafute wote."

Akalifunga daftari, akaliweka kwenye stuli, akalikalia. Nikabonyeza, bibi akapata uhai wake. Wale vijana watatu walibaki wamesimama kidogo, halafu mmoja akakaa, na wawili wakakaa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na karanga.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Filamu ilikuwa ile ile, na kila dakika ilizidi kuliacha gemu, lakini sasa kila ilipoliacha ukumbi ulifurahi. Shangazi alitafsiri neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza, na watu walijaza yaliyobaki. Mbeba Taa alipofika kwenye kisima akatumbukia, akatoka, akajikung'uta na kuendelea na safari. Ukumbi mzima ukaguna: mara moja tu? Shangazi alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani moja kwa moja kwenye kipaza sauti, na hapo hata waliokuja na hasira wakashika mbavu. Kila mlima ulipotokea, mtoto mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyempapasa shingo yule kijana wa mzaha. Nilitazama mlangoni. Kufuli alikuwa ameegemea fremu, flashi iko kiganjani, ameisahau.

Mwishoni moto ukafika. Mji ukawaka dirisha moja baada ya jingine, na lazima nikiri ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye gemu, maana kule unauona kwa mbali tu. Kijana wa mzaha akakumbatiwa na mama yake. Mbeba Taa akaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba moja, akageuka, akatazama nje, upande ambao picha haituonyeshi, na akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze hakusema kitu.

Hapakuwa na cha kutafsiri. Shangazi angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemlaumu. Akakisogeza kipaza sauti.

"Anamwangalia punda," akasema taratibu.

Ukumbi ulipasuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. Fundi baiskeli alijifuta uso kwa kitambaa chake cha kazi na kujichora mstari mweusi kutoka jicho hadi kidevu, na hakuna aliyemwambia. Majina ya waigizaji yalipita yote mpaka pazia likawa jeupe, ndipo mtu wa kwanza akakumbuka kutoka.

Kufuli alikuja mbele na kufuli lake. Yeye hajawahi kushika pedi maishani mwake. Alisimama mbele ya stuli, akakuna shingo, kisha akauliza chini chini, wengine wasisikie:

"Kweli alikuwa punda?"

"Kwani wewe uliona kingine?"

Akafikiri kwa dhati kabisa.

"Hapana," akasema. "Kingine sikukiona." Akairudisha flashi mfukoni na kuniambia nisiisogeze ile stuli wakati wa kufagia, nifagie kuizunguka.

Njiani nilimchokoza shangazi kwamba leo amevunja sheria yake. Alisema barua ile ilikuwa na nafasi tupu pale chini, naye ameandika neno moja. Yalikuwa mawili, lakini sikumsahihisha. Nikamwuliza kwa nini waliotengeneza filamu walimwacha punda, wakati kila aliyecheza gemu anampenda. Punda, alisema, hapendwi kwa kuonekana, anapendwa kwa kukuchelewesha. Kwenye gemu amekuchelewesha mwezi mzima. Wao walikuwa na saa mbili.

Nimeliwaza jambo hilo tangu siku ile. Nadhani hata yule kijana wa mzaha ni punda, ila amepewa mdomo. Tukicheza, Mbeba Taa anaweza kunyamaza kwa sababu wanaosema ni sisi: mimi, fundi na spana yake, shangazi na radhi zake. Kwenye filamu hatumo, kwa hiyo lazima apatikane mtu wa kumjibu. Bibi wa daraja ndiye bado simwelewi.

Jumatatu nilipotoka shule nilipita chumba cha gemu. Kufuli alikuwa amekaa mbele ya televisheni ya pili, bonge la kufuli katikati ya magoti, pedi mikononi, jasho kwenye paji la uso. Alikuwa kwenye mlima wa kwanza. Punda amesimama, na dunia nzima imesimama naye. Fundi baiskeli alikuwa nyuma yake, amekunja mikono, anafurahia.

"Mbona hasogei huyu?" Kufuli akaniuliza.

"Mpapase shingo, mjomba."

Alitafuta kitufe kwa muda mrefu, akakipata. Punda akatikisa sikio moja, akaanza kupanda.