Mama Chemba na Bomba Lililopanda Mlima

Saa moja asubuhi, mwanamke amepiga magoti kando ya chemba ya majitaka, mfuniko kauweka pembeni. Anainama, anasikiliza. Chini, maji yanapita bila kusita.

"Sikia yanavyokimbia," anasema, uso umemkunjuka kama wa mama anayemwona mwanawe akipiga hatua ya kwanza.

Mtaa mzima unamwita Mama Chemba. Ana miaka tisa ya kuzibua mabomba katika kitongoji hiki kinachoota nyumba kila mwezi, kazi yenyewe kibarua. Nyumbani, bintiye alikuwa hamsogelei mpaka aoge.

Mwaka jana lililazwa bomba jipya la majitaka. Wiki ya pili tu, majitaka yakaanza kurudi vyooni katika nyumba ishirini na sita, mojawapo ikiwa ya wifi yake aliyekuwa na kichanga. Msimamizi wa mradi aliwalaumu wakazi kwamba wanatupa matambara. Akawapa siku saba, kisha angewakatia bomba.

"Nilizibua mara kumi na nne, sikutoa hata kitambaa cha pua," anasema Mama Chemba. "Nikajua tunamtibu asiyeumwa."

Akaazima mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi wa msingi, akaujaza maji. Wifi, mtoto mgongoni, akashika ncha moja kwenye chemba ya kwanza. Yeye akashika nyingine kwenye chemba ya mbele. Maji ya mpira hukaa usawa mmoja pande zote, basi wakapima kutoka hapo hadi chini ya bomba. Kule lilikotakiwa kushuka, lilikuwa limepanda kwa upana wa kiganja.

Wachimbaji walikuwa wamepima kina kutoka juu ya ardhi, kilekile mwanzo hadi mwisho. Walisahau kwamba mwisho wa njia ulikuwa umejazwa kifusi cha barabara ukainuka, na bomba likapanda nao.

Msimamizi alicheka. Akamuuliza tangu lini mshika fimbo ya kuzibulia akawa mhandisi, na kumwonya kuwa barabara ikifukuliwa bure, asikanyage tena kazini. Mama Chemba alimkabidhi ncha ya mpira.

"Shika mwenyewe, bosi. Mimi naweza kudanganya, maji hayawezi."

Akashika. Akapima mara mbili, akawaita wachimbaji. Siku ya tatu barabara ikafukuliwa, mita thelathini zikalazwa upya. Ndoo ya kwanza ilipomwagwa, kina mama waliinamia chemba ya mwisho, pumzi wamezibana. Maji yalipochomoza, vigelegele vikapaa.

"Wifi alinikumbatia hivyohivyo na matope yangu. Nikamwambia, shauri yako."

Miezi minane sasa, hakuna choo kilichorudisha majitaka. Naye Mama Chemba kibarua ameshakiaga. Ana barua ya ajira ya kudumu, na hakuna mtaro unaofukiwa kabla hajaupitia.

Mwezi ujao atafanya mtihani wa ufundi bomba. Kila jioni bintiye humshikia daftari na kumuuliza maswali, akikosea anarudishwa mwanzo.

"Nikifaulu," anasema akirudisha mfuniko, "mtaa unaofuata nitaupima mimi kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi."