Cha Kumpikia Baba Mkubwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kule Kibondo, nilisimama mbele ya jiko tangu asubuhi nisijue niweke nini juu yake. Leo mnaniona napika bila kumuuliza mtu. Siku ile kichwa kilikuwa kimevurugika kabisa.

Ilikuwa 2015, kambi ya wakimbizi ya Nduta imefunguliwa tena, nami nilikuwa nalinda nyumba ya fundi mmoja mgeni. Alipoondoka aliniachia jiko lake la kuchomea nyama, lenye mfuniko, linalotumia umeme na punje za maranda yaliyoshindiliwa, mfano wa chakula cha kuku. Punje zenyewe zilibaki mfuko mmoja tu. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, nami nimeacha shule niwalee wadogo zangu wawili. Mchana ule Baba Mkubwa alikuwa anakuja kuwagawa: Neema aende Kitanga, Gidi aende Busunzu. Nyumba isiyo na mama, alisema, haiwezi kulisha watoto. Nikajiambia, akila vizuri kwangu, atatuacha.

Lakini ale nini?

"Mbuzi, kijana wangu!" akasema Mzee Saidi wa dukani. "Ila nichinje mimi, ili na mimi nije kula."

Neema akataka kuku. Gidi, kwa kuuona ule mfuniko, akadhani ni tanuri, akasema keki. Nikabandika maharage, maji yakakaa vuguvugu tu huku punje zikipungua. Nikaepua. Nikaenda kumfungua mbuzi wetu, nikamfunga tena.

Jirani yetu, Mama Leokadia, alikuwa akinitazama toka uani kwake.

"Wewe, tangu asubuhi unalizunguka hilo jiko kama unalichumbia. Baba yako mkubwa ana meno mangapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Mtu anakuja kula kwako, wewe unaliuliza jiko!"

Hapo ndipo nikakumbuka jinsi msibani alivyokuwa akiimumunya nyama, kisha anaitoa mdomoni kwa siri. Basi nikaweka migebuka, wale samaki wa ziwani, na viazi vitamu, nikafunika, moshi ukavipitia taratibu mpaka vikalainika. Ugali na maharage nikavipika kwenye mafiga, kama siku zote.

Baba Mkubwa akaanza kula. Akamaliza samaki wa kwanza, akachukua wa pili. Kisha akanikazia macho.

"Nani amekwambia sina meno?"

Nikamsogezea maji ya kunawa.

"Kwangu bado wananichomea mbuzi," akasema. Akanawa mikono polepole. "Hawa watoto wabaki hapa."

Mpaka leo sielewi sawasawa, mwanangu, kama alifurahi au aliumia. Nilishukuru huku nimechanganyikiwa. Ninalokuachia ni hili: ukipata chombo kipya, usianze kuhangaika kinaweza kupika nini. Mwangalie kwanza atakayekula, anatafuna nini, anaficha nini, ndipo uwashe moto. Na usione haya kuuliza.

Mungu akupe mikono yenye subira, na wadogo zako wasitawanyike.