Fundo Moja Kubwa, Madogo Matatu

Nilipokuwa darasa la saba kule Usenge, mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kuhesabu kwa tano badala ya kumi. Alisema watu wa kale walianzia kwenye vidole vya mkono mmoja, na kwamba sifuri, alama ya kitu kisichokuwapo, ilichelewa sana kubuniwa. Darasa zima lilipiga miayo. Mimi sikupiga, maana nyanya yangu, dani kama tulivyomwita, alihesabu hivyo hivyo kila siku kwa kamba ya katani.

Dani aliwapikia uji wanawake waliovuka kwenda kisiwani kununua omena, dagaa wa ziwani. Boti ikiondoka asubuhi, alifunga fundo dogo kwa kila aliyepanda. Wakifika watano aliyafungua yale madogo, akafunga moja kubwa: mkono mzima. Hivyo alijua wakirudi atahitaji vikombe vingapi. Nilijivunia nyanya huyo kupita kiasi, nikajiona mimi ndiye mtafsiri wake.

Siku moja, mwendo wa saa tisa mchana, upepo uliipindua boti yao. Mama yangu alikuwa ndani yake.

Wanaume walitoka na boti mbili kuwatafuta. Dani aliniachia kamba, akaingia majini hadi kiunoni akiita. Wanne waliletwa ufukweni wakitapika maji, mama hakuwamo. Kisha boti ya injini ikapita karibu, na nahodha wake akapaza sauti kwamba wengine wanne wameokolewa, wako kisiwani.

"Kwani walikuwa wangapi?" aliuliza mzee aliyesimamia bichi.

Waliookolewa walikuwa wakitetemeka, kila mmoja akisema lake. Nikainua kamba. Fundo moja kubwa, madogo matatu.

"Nane," nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyezoea kupata vema.

"Basi wote wamepatikana. Vuteni boti."

Nililia kwa furaha. Mama yuko kisiwani, nikajiambia, anaota moto.

Dani akatoka majini. "Mbona hawa wanafunga boti?"

"Wote wako, dani. Ni nane, na nane wamepatikana."

Aliniangalia. "Nyakwara, mjukuu wangu, nani alikwambia hiyo kamba iko na mama yako? Mtoto yangu mimi siwezi hesabu. Unahesabu mtoto wako, unataka kumpoteza?"

Nilikuwa naujua mwiko huo. Hata mimi nikiulizwa tuko wangapi nyumbani, nilijibu tu kwamba tuko wengi. Nilijua, na majivuno yakanisahaulisha. Nikapiga mbio, nikamkamata yule mzee shati.

"Ni tisa! Bado mama!"

Boti zikarudi majini. Walimpata jua likikaribia kuzama, amekumbatia jerikeni, macho mekundu, hai. Walipomlaza mchangani nilimwangukia nikipiga kelele, "Tisa! Mama, wewe ndiye wa tisa!"

Dani aliniziba mdomo kwa kiganja kilicholowa.

Nilimkasirikia miaka mingi. Fundo moja dogo lingemgharimu nini? Nilimwambia hivyo usoni, naye akaendelea kukoroga uji wake.

Baadaye nilihamia mjini, mtaa wa Mamboleo, nikawa na watoto wangu. Karani wa kuhesabu watu alipokuja na kalamu yake, akauliza nina watoto wangapi, ulimi ulinikataa. Nilimfungulia mlango wa chumba walimokuwa wakicheza, nikamwambia ahesabu mwenyewe.