Orodha Mbili za Waliopotezana

Jumapili, mwezi ishirini Mfunguo Tatu. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo za jana bado mbichi kambani.

Sijui kama nitayaeleza sawa, maana shule yangu ilikoma vita vilipoanza.

Programu ya simu tunayoitumia kutafutana sisi tuliokimbia hatukuitunga wenyewe. Waliitunga watu wa mbali kwa ajili ya mafuriko ya kwao, wakaiacha wazi: atakaye aichukue, aigeuze, bila ruhusa wala malipo. Binamu yangu aliyeko Ulaya akaichukua, akaitia Kiswahili, akaongeza mahali pa kuandika kisiwa na mtaa. Ingekuwa ya kununua, sisi wa kisiwa cha Ngumi tusingekuwa nayo hata leo. Hilo lazima niliseme.

Kisha tukagombana. Watu wa Kismayo walitaka namba za simu zionekane, mtu apigiwe mara moja. Sisi wa visiwani tukakataa. Wenye bunduki nao wana simu. Binamu akachoka na kelele zetu.

“Basi gawanyikeni,” akasema. “Kila upande uwe na nakala yake. Hakuna wa kumkataza mwenziwe.”

Nilifurahi. Nikawaandikia, “Safari njema, wenye haraka!” Sasa naona haya.

Miaka miwili, kila Ijumaa, nimemtafuta mdogo wangu kwenye orodha yetu. Tulipotezana naye bandarini Kismayo siku ya kukimbia. Leo asubuhi mama, ambaye bado husema “mchu” kwa mtu, akaniuliza, “Na kule kwa wenzetu umeangalia? Hakuna mchu wetu kule?”

Sikuwa nimeangalia. Kwa kununa tu.

Nikaangalia. Yumo. Jina lake, la mama, langu, na lile kovu la mafuta ya moto mkononi. Alijiandika miezi miwili baada ya sisi kugawanyika. Namba yake inaonekana, kama walivyotaka wao. Nikapiga mara saba. Haipatikani.

Siwezi kusema wao ndio waliokuwa sahihi. Huenda namba hiyo ilimletea wasiomtakia mema. Sijui.

Nikampigia binamu. “Kwa nini orodha hizi mbili hazisomani?”

“Zingesomana, dada. Ni kazi ya wiki mbili. Lakini anayeijua ni mimi peke yangu, na kutwa nabeba maboksi ghalani. Si iko wazi kwa kila mtu? Haya, ifanye wewe!”

Akacheka. Nami nikacheka, kwa aibu, kwa sababu moyoni nilikuwa nikimwita mvivu. Miaka yote amefanya bure, na sikuwahi kumwambia ahsante. Nikamwambia. Akasema zamu yake imefika.

Alasiri nikajiandika kwenye orodha ya wenzetu, namba yangu ionekane kwa yeyote.

Jioni mama aliiweka simu katikati ya sahani zetu. Tulikula wali kwa mchuzi wa papa. Yeye alikula matonge matatu tu.