Mafuta ya Samaki na Sufuria ya Njahi

Kila jamii ina kitu chake cha kumwongezea nguvu mama aliyejifungua. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza kwenye shamba la pareto karibu na Njoro, niliviona vingi. Kwetu Wakikuyu ilikuwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, yaliyochemshwa muda mrefu yakapondwa na ndizi. Jirani yetu Mkipsigis alikunywa maziwa lala yaliyotiwa mkaa wa mti wa porini. Mke wa Mhindi mwenye duka alikula samli na sukari guru iliyopikwa na tangawizi. Wazungu nao walikuwa na mafuta ya samaki.

Sisemi mafuta hayo ni mabaya. Wajukuu wangu wanayanywa, na mimi ndiye ninayewanunulia. Nataka tu uelewe yalivyotufikia.

Kila Jumamosi memsabu, mke wa mwenye shamba, alitupanga foleni nyuma ya jiko lake, sisi tuliokuwa tukinyonyesha. Alimshika kila mmoja kidevu, akamtia kijiko mdomoni, akangoja ameze. Kijiko kilikuwa kile kile kwa wote. Kwetu samaki alihesabiwa pamoja na nyoka, kwa hiyo tulimeza tukifumba macho. Aliyemeza alipimiwa maziwa ya mtoto.

Niliyahitaji maziwa hayo. Yangu yalikuwa machache, na binti yangu alinyonya huku akilia.

Jumamosi moja, zamu yangu ilipofika, nilifunga mdomo.

"Wewe hapana taka dawa?"

"Nitilie kwenye chupa, memsabu. Nitakunywa nyumbani, kwa mkono wangu."

"Wewe tamwaga."

"Ndama ndiye hushikwa taya. Mimi ni mama wa mtu."

Mwanamke nyuma yangu alicheka puani. Memsabu hakucheka. "Basi hapana pata maziwa. Na ile njahi yako naharibu tumbo. Wacha."

Nilirudi nyumbani na kopo la maziwa tupu. Mama mkwe alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umemuuma?"

"Hapana, mama. Nilifunga mdomo tu."

"Vizuri. Meno hayo yana kazi." Akapakua njahi kutoka kwenye sufuria. "Sasa ufungue."

Nilikula asubuhi na jioni, nikashushia uji wa wimbi. Jirani yule Mkipsigis alinipitishia kibuyu cha maziwa yake ya mkaa juu ya ua. "Watu wako watanicheka," alisema, "lakini kunywa." Nilikunywa. Nilikuwa na hofu pia: je, kama kiburi changu ndicho kitakachomkondesha mtoto? Kisha, nikichuma pareto, nikahisi gauni limelowa kifuani.

Jumamosi iliyofuata nilibeba kigoda nikaketi kando ya njia ya kwenda kwa memsabu, nikamnyonyesha binti yangu bila kujifunika leso. Wanawake walisimama kutazama. Memsabu alipotoka kuuliza mbona foleni haisogei, nilimhamishia mtoto kwenye titi la pili.