Leonida Aliniuliza Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wagonjwa wa akili mjini Bukoba, Muuguzi Mfawidhi alinikabidhi sinia la dawa akaniambia nimfuate kitanda kwa kitanda. Huyo ndiye muuguzi anayesimamia wenzake wote. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na sikuwahi kumsikia akimfokea mgonjwa. Alimpa wa kwanza vidonge na kikombe cha maji, akasubiri, kisha akasema, "Fungua mdomo. Inua ulimi." Akachungulia shavu hili na shavu lile kama mtu anayetafuta jino bovu.

"Wengine hukificha kidonge humu," akanieleza, "ukigeuka wanakitema. Kazi yako si kumuuliza kama anataka. Kazi yako ni kuhakikisha kimeshuka."

Nilikuwa msichana niliyetoka chuoni juzi tu, na neno lile nililishika kuliko yote niliyofundishwa darasani. Nimelitumia miaka mingi. Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana huja kunisalimia na kuniomba niwasimulie kazi ilivyokuwa. Nimewasimulia mengi ya kuchekesha. Hili la Leonida sijawahi kulisimulia lote.

Kwanza nieleze dawa zenyewe, ili mtu asidhani nazidharau. Zile kubwa zilikuwa mbili tatu hivi, za kutuliza akili iliyovurugika, na pia kulikuwa na sindano ya mwezi, ambayo dawa yake hukaa kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo kwa wiki nne. Niliona watu wakiletwa wakipiga kelele, wakiona vitu ambavyo sisi hatuvioni, na baada ya mwezi wanaondoka wamebeba mabegi yao wenyewe, wakituaga kwa majina. Niliona na upande wa pili. Karani mmoja tuliyemruhusu akiwa mzima kabisa aliziacha dawa zake alipofika nyumbani, na baada ya miezi michache tukaletewa habari za kifo chake. Muuguzi Mfawidhi alilia mbele yetu sote. Tangu siku hiyo, mgonjwa akinitajia kuacha dawa, mimi namwona yule karani.

Nilipopata uzoefu nikahamishiwa wilaya ya Muleba. Huko nilikuwa muuguzi pekee wa afya ya akili, nikifanya kazi chini ya tabibu aliyekuwa na wagonjwa wa malaria, wajawazito na majeruhi wa pikipiki, wote wakimsubiri yeye. Mara moja kwa mwezi nilitoka kwa kliniki ya mkoba, yaani tulibeba dawa na mafaili tukawafuata wagonjwa huko waliko. Kituo changu kimoja kilikuwa Nshamba. Nilipewa chumba chenye meza na benchi, na foleni ilikuwa nje.

Huko ndiko nilikokutana na Leonida. Alikuwa fundi cherehani, mwenye kibaraza chake pale Nshamba, mzaliwa wa Kishanda. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya za Walutheri, na watu walitoka mbali kumfuata kwa sababu ya mikono yake. Alikuwa ameugua mara moja tu, akalazwa Bukoba, akapona, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kumeza kila siku. Kadi yake ilionyesha dozi ileile aliyotoka nayo wodini.

Mara ya kwanza aliponiuliza, alitoa kitambaa kwenye mfuko akakitandaza mezani. Kilikuwa na mshono uliopinda kama njia ya siafu.

"Sista, huu nimeshona mimi. Tazama. Mikono inatetemeka, na uzi siwezi kuutunga kwenye sindano mpaka nimwite jirani. Asubuhi kichwa kinakuwa kizito, wateja wanapiga hodi nimelala. Mimi nimepona. Siwezi kuziacha?"

"Umepona kwa sababu unazimeza," nikamjibu. "Vumilia. Mwili utazoea."

Katika faili nikaandika: maudhi madogo madogo, aendelee. Ndivyo tunavyoyaita yale mabaya ambayo dawa huleta pamoja na mema yake. Nikiyasoma maneno hayo leo naona haya. Kwa fundi, mkono unaotetemeka si kitu kidogo. Ipo dawa ya kupunguza mtetemo huo, lakini ilikuwa imetuishia, na sikumwambia kwamba ipo.

Mara ya pili alikuja na mama yake, mama mzee aliyekaa pembeni ya benchi. Leonida alikuwa amejipanga, akaniita kwa neno la heshima la Kihaya.

"Kama haiwezekani kuacha, waitu, basi zipunguzwe. Nipewe nusu, tuone."

Lilikuwa ombi la mtu mwenye akili zake timamu. Kupunguza si kazi ya muuguzi, ni ya tabibu au daktari, lakini kulipeleka ombi lilikuwa jukumu langu. Ningeandika mistari miwili tu. Badala yake nikatazama foleni mlangoni, nikasema, "Ugonjwa ukikurudia, nani atabeba lawama? Wewe au mimi?" Mama yake ndiye aliyesema, "Tumesikia, sista," wakaondoka. Nikaandika tena: aendelee.

Mara ya tatu alikuja peke yake. Hakukaa.

"Na nikiamua mwenyewe?" akauliza.

Siku ile nilikuwa nimechoka, barabara ilikuwa mbovu kwa mvua, na nilikuwa nimeshasumbuliwa na wawili kabla yake. Lakini wagonjwa wengine pia walinikuta nimechoka na sikuwaambia hivyo. Nilimwambia, "Ukiacha, usije tena kwangu."

Akachukua vidonge vyake vya mwezi, akashukuru, akatoka. Nikaandika mara ya tatu: aendelee.

Tangu hapo hakuniuliza tena. Kila mwezi alikuja tarehe yake, msafi, mapema kuliko wote. "Unameza?" "Nameza, sista." "Unalala?" "Nalala." Mikono ikatulia. Uso ukachangamka. Nikajiambia mwili umezoea, kama nilivyosema. Nikaanza kumsimamisha mbele ya benchi kama mfano. "Mwoneni Leonida," nikiwaambia, "hajakosa hata mwezi mmoja." Yeye aliinamisha macho, nami nikadhani ni unyenyekevu. Binti yangu alipokaribia kuagwa kwa ajili ya ndoa yake, nilimpa Leonida kitambaa anishonee gauni. Lilikuja na mshono ulionyooka, na vifungo kumi na vinne mgongoni vilivyoshonwa kwa mkono. Mimi niliyefundishwa kuchungulia chini ya ulimi, nilivaa ushahidi mwilini nikacheza nao ukumbini, wala sikujiuliza.

Kaka yake ndiye aliyenipigia simu. Anaitwa Mutalemwa, mkulima wa kahawa pale Kishanda.

"Sista, dada hajalala siku ya nne. Amefumua sare zote za watoto wa watu, anasema zina maandishi ndani. Leo ametaka kuichoma nyumba ili atutoe humo, anasema tunatafutwa."

"Mleteni Muleba haraka," nikamwambia. Sikumwambia wamlete vipi. Sikusema wasimfunge. Hilo nalo nalibeba.

Walimfunga mikono nyuma kwa kamba ya manila, kwa hofu tu, maana walimpenda. Wakatafuta gari. Hapakuwa na gari asubuhi ile. Lilipopatikana, lilikuwa limebeba ndizi na likasimama kila mahali kushusha. Walipofika kwetu ilikuwa imepita saa tisa alasiri. Leonida alikuwa amenyamaza. Niliikata kamba mimi mwenyewe kwa mkasi wa bandeji. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi, na kamba ilikuwa imezama kwenye vifundo vya mikono kiasi kwamba sikuiona mwanzo. Alinitazama akasema, "Sista, usinifukuze."

Nilidhani ni ugonjwa unaosema.

Siku ya pili mama yake alinijia na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na pakiti za vidonge vya miezi minane, kila moja imefungwa kama nilivyompa.

"Nilivikuta chini ya meza ya cherehani," akasema. "Nilimwuliza siku moja kwa nini asivitupe. Akaniambia ni mali ya serikali."

Alikuwa ameacha siku moja, ghafla, vyote kwa pamoja. Ndiyo njia ya hatari kuliko zote, na ndiyo njia pekee niliyomwachia.

Akili yake ilirudi baada ya wiki chache. Mkono wa kushoto ukapona. Wa kulia haukupona. Mishipa ya fahamu ilikuwa imeharibika, na vidole vitatu havikunjiki. Hashiki mkasi, wala sindano.

Mwezi uliofuata Daktari Bingwa wa magonjwa ya akili alikuja kwa ukaguzi. Alikuwa mtu mpole, kijana kuliko mimi. Aliomba faili la Leonida, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mimi nimekaa mbele yake.

"Hapa umeandika 'aendelee' mara tatu," akasema. "Alikuwa anaomba nini?"

"Kuacha dawa, daktari. Na mara moja aliomba apunguziwe."

"Na dozi hii ni ya mtu aliye wodini. Baada ya kupona hakuna aliyeipunguza?"

"Hakuna."

Akafunga faili. "Ningemsikiliza, pengine ningempunguzia taratibu, kwa miezi mingi, huku tukimwangalia. Pengine nusu ingemtosha. Na pengine ugonjwa ungemrudia hata hivyo, sijui. Ila ungemrudia ninyi mkiwa mnajua, akawajia siku ya kwanza ya kukosa usingizi. Si siku ya nne, akiwa kwenye kamba."

Hakuniandikia barua ya onyo. Ningefurahi kama angeniandikia.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi kwa namna nyingine. Nilimwomba tabibu anitengee saa moja kila kliniki, na mgonjwa aliyetaka kuacha dawa aliketi nasi pamoja na ndugu mmoja anayemwamini. Tulimwuliza dawa inamfanyia nini kizuri na inamnyima nini. Tuliandika dalili zake za mwanzo, maana kila mtu ana zake. Mmoja huanza kukosa usingizi, mwingine huanza kufoka, mwingine huzima redio kwa kuihofia. Daktari alipunguza kidogo kidogo. Wapo walioacha kabisa, wanalima na kulea mpaka leo. Wapo waliojaribu wakarudi wenyewe wakisema, "Sista, hapana, nirudishieni." Yupo mmoja ambaye hata kwa uangalifu wote huo alianguka vibaya. Sikupata kanuni inayomfaa kila mtu, na anayesema anayo simwamini. Nawaomba tu, ninyi wauguzi vijana, msije mkaonana na mgonjwa anayetaka kuacha dawa mkamfanya aogope kuwaambia.

Siku ya kuagwa kwangu kulikuwa na keki na hotuba. Mganga Mkuu wa Wilaya alisimama akasema kwamba nilikuwa mkali kwa upendo, na kwamba wagonjwa wangu hawakujua kuacha dawa. Watu wakapiga makofi. Ningeweza kumsahihisha. Niliitikia kwa kichwa, nikapokea kitenge, nikakaa.

Makofi hayo ndiyo yaliyonipeleka Kishanda. Leonida anaishi kwa kaka yake, ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, cha marehemu baba yao. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachambua kahawa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani. Tulisalimiana vizuri. Nikamwuliza habari za dawa, kwa mazoea.

"Tulipunguza na daktari mpaka kimebaki kimoja cha jioni," akasema. "Mwaka jana akaniuliza kama nataka kujaribu kukiacha na hicho. Nikafikiri mwezi mzima, nikamwambia nitabaki nacho. Nimeamua mwenyewe."

"Nimekuja kukuomba msamaha," nikamwambia. Nikayataja yote, ile foleni, ile 'aendelee', yale maneno ya mwisho. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Msamaha wako nimeupokea," akasema. "Lakini kuna kitu nataka ukijue. Watu hapa wanasema nilikudanganya kwa sababu ya ukaidi. Sikuwa mkaidi, sista. Nilijua kuna siku huenda ningeugua tena, na hapakuwa na mwingine wa kumkimbilia ila wewe. Ningekuambia kweli ungenifukuza. Nilikuwa nachukua vile vidonge ili niendelee kuwa mgonjwa wako."

Nilisogea kwenye mkeka, nikaanza kutenga punje mbovu na nzima upande wangu, naye akaendelea upande wake, mpaka wifi yake alipotuita kwenye chakula.